Mama yuko wapi sasa? Watoto watatu, makanisa matatu, kaburi moja

SWALI

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Kwetu ni milimani Upareni, wilaya ya Same, ila naishi Dar es Salaam. Mama yetu alifariki mwezi wa tatu akiwa na miaka 71. Alikuwa Mlutheri tangu kubatizwa utotoni, mwanakwaya, na mzee wa kanisa kwa vipindi viwili. Tulimzika kijijini, mchungaji wake akaongoza, na mambo yakaenda vizuri.

Matatizo yameanza sasa. Desemba tukipanda nyumbani tumepanga kumjengea kaburi na kufanya ibada ya shukrani. Mdogo wangu wa kiume ni Msabato tangu alipooa. Anasema Mama amelala na hajui lolote, na akisikia mtu kwenye kipaza sauti anasema Mama yuko mbinguni anatuona, yeye na familia yake wataondoka. Kitinda mimba wetu aliolewa Moshi kwa Wakatoliki, naye akapokelewa huko. Yeye anataka Misa ya kumwombea Mama. Analia kwamba tangu Mama afe hakuna aliyemwombea, na pengine anateseka toharani kwa uzembe wetu. Kaka yake akamjibu kwenye grupu la familia kwamba kuombea wafu hakuna tofauti na mizimu. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Mimi nimebaki katikati, na nikimuuliza mchungaji anasema, "Sisi hatuombei wafu," basi.

Mama mdogo naye ameota mara kadhaa Mama akilalamika baridi na kuulizia kanga yake. Wazee wengine wanataka kanga ipelekwe kaburini na pombe kidogo imwagwe. Mwanangu wa miaka 7 anauliza Bibi yuko wapi, na kila mkubwa anampa jibu lake.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama alifia hospitali saa kumi alfajiri. Alikuwa ameomba Chakula cha Bwana, na mchungaji alikuwa aje asubuhi ile. Je, aliondoka na upungufu?

Naombeni mnisaidie: Mama yuko wapi, Misa inawezekana au haiwezekani, na ibada niipange vipi ili watoto wote watatu wasimame pamoja kaburini?

Kifungua mimba, Dar es Salaam

JIBU

Pole sana, dada. Tuanze na hilo ulilolificha.

Mama yako hakuondoka na upungufu. Katika mafundisho ya Kanisa lake, Chakula cha Bwana hutolewa ili kuitia nguvu imani ya mtu aliye hai. Wokovu haujafungwa kwenye kukipokea mara ya mwisho kabla ya kukata roho. Kinachombeba mtu ni neema ya Kristo aliyoipokea kwa imani, na kwa Mlutheri alama yake ni ubatizo: Warumi 6:3-5 inasema aliyebatizwa amezikwa pamoja na Kristo na ataunganika naye katika kufufuka. Mama yako alizikwa namna hiyo zaidi ya miaka 60 kabla ya mwezi wa tatu. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alipohubiri Injili ya Yohana alisema, "Amini, nawe umekwisha kula." Maneno hayo Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, aliyapenda, na Wakatoliki nao wanajua komunyo ya tamaa kwa mtu aliyetaka kupokea akazuiwa na hali. Mama aliomba. Aliyechelewa ni mchungaji, na hata yeye hana kosa, kwa kuwa alfajiri ile haikumsubiri mtu.

Sasa "Mama yuko wapi." Kosa la mabishano yenu ni kwamba mnagombania kipande cha katikati kana kwamba ndicho imani nzima. Makanisa yenu matatu yanakiri mwisho mmoja: Yesu alikufa kweli na kufufuka kweli, atarudi, walio makaburini wataisikia sauti yake na kutoka (Yohana 5:28-29), na Mama atasimama katika mwili, akiwa mzima, asife tena. Hiyo ndiyo maana ya "ufufuko wa miili na uzima wa milele" katika Kanuni ya Imani. Mnachotofautiana ni hali yake kati ya ile saa kumi alfajiri na siku hiyo. Hata huko katikati, hakuna kati yenu asemaye kwamba ameponyoka mkononi mwa Mungu.

Swali lenu ni la zamani sana. Karibu mwaka 50 Wakristo wa Thesalonike walianza kufiwa kabla Yesu hajarudi, wakaogopa kwamba waliotangulia wamepitwa. Paulo akawajibu katika 1 Wathesalonike 4:13-18. Angalieni mambo ambayo hakuyafanya: hakuwaeleza marehemu wanafanya nini sasa hivi, wala hakuwakataza kulia. Aliwapa mpangilio wa siku ile: Bwana atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, walio hai watanyakuliwa pamoja nao, "na hivyo tutakuwa pamoja na Bwana milele." Kisha akawaambia wafarijiane kwa maneno hayo. Watu wanapobanana kwa aya za katikati, somo hili ndilo huwa la kwanza kusahaulika.

Hicho kipande cha katikati kila Kanisa lina namna yake ya kukieleza, na ni vizuri uzijue zote tatu kwa haki.

Wasabato huanzia Mwanzo 2:7: mavumbi na pumzi ya Mungu, mtu akawa nafsi hai. Pumzi ikitoka, hakuna kipande cha mtu kinachobaki kikiishi na kufikiri peke yake. Wanasoma Mhubiri 9:5 na Zaburi 146:4, na wanakumbusha kwamba Yesu mwenyewe alimwita Lazaro aliyelala. Hii ni ya 26 katika Imani zao za Msingi 28. Mwenye haki akifumba macho, jambo la kwanza atakalolijua ni sauti ya Yesu; hata ikipita miaka elfu, yeye hataihesabu. Mdogo wako hasemi kwamba Mama amepotea. Anasema amehifadhiwa.

Wakatoliki wanafundisha kwamba roho haifi, na mara baada ya kifo mtu hukabili hukumu yake binafsi. Afaye katika neema lakini bado ana mabaki ya kusafishwa, husafishwa kwanza. Hiyo ndiyo toharani, na Katekisimu yao inaieleza katika aya ya 1030 hadi 1032. Hapa dada yako ameelewa nusu. Toharani si nafasi ya pili ya kutubu, na si kituo kilicho nusu ya njia kati ya mbinguni na jehanamu ambako mtu anaweza kugeukia upande wowote. Kila aliye toharani ameshaokoka na ataingia mbinguni, bila shaka yoyote. Sala za walio hai humsaidia, ndiyo, lakini Kanisa halijafundisha kwamba Mungu anamtesa mama wa watu kwa sababu binti zake wamechelewa kufika ofisi ya parokia. Mweleze hivyo, tena kwa upole, maana kilio chake kinatoka hapo.

Walutheri wanaikataa toharani. Luther aliikana waziwazi mwaka 1537 katika Makala za Smalkalden, moja ya maandiko ya imani ya Kilutheri. Wanatulia juu ya ahadi kwamba aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo, kama Paulo alivyotamani kwenda zake akae naye (Wafilipi 1:23) na kama yule mwizi alivyoahidiwa pepo (Luka 23:43). Aya hiyo ya mwizi msiiguse kwenye grupu la familia. Inasema, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Msabato ataweka mkato baada ya "leo," kwamba Yesu alisema leo habari za siku ya baadaye, nyinyi mtauweka kabla yake, na jogoo atawika bado mnabishana.

Asidhani mtu kwamba jambo hili lilikuwa wazi mpaka mdogo wako alipolivuruga. Luther mwenyewe alisema mara nyingi juu ya kifo kama usingizi mtamu. Calvin, mwanamatengenezo mwenzake, aliandika kitabu kizima kupinga wazo la roho kulala. Na mwaka 1331 kule Avignon, mji wa Ufaransa walikokaa mapapa wakati ule, Papa Yohane wa 22 alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho. Wanateolojia wakamjia juu, naye akayafuta maneno yake kitandani kabla ya kufa mwaka 1334. Aliyemfuata, Benedikto wa 12, ndiye aliyetangaza mwaka 1336 kwamba waliosafishwa humwona Mungu mara moja. Ikiwa Papa na wasomi wake walichukua miaka mitano kulimaliza, familia yenu isilazimishwe kulimaliza kabla ya Krismasi.

Kuna sentensi moja, hata hivyo, ambayo makanisa yote matatu yanaikataa, nayo ndiyo husikika kila msibani: "Sasa amekuwa malaika." Binadamu hageuki malaika. Malaika hawakufa wala hawafufuliwi, na tumaini la Mkristo ni kufufuliwa akiwa mtu.

Misa inawezekana. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 901, inampa padri uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Kwa marehemu asiye Mkatoliki, mwongozo wa Roma wa mwaka 1976 uliruhusu hata Misa ya hadhara, kwa masharti mawili: ndugu waiombe kwa nia ya dini kweli, na askofu aone kwamba haitaleta makwazo. Jina lake halitajwi ndani ya Sala ya Ekaristi. Kwa hiyo dada yako afanye hivi: aende ofisi ya parokia yake Moshi wiki 3 au 4 kabla, maana Desemba nia (makusudi ambayo watu huombea Misa) huwa nyingi, aseme wazi kwamba marehemu alikuwa Mlutheri, asifiche, aandikishe jina la ubatizo, nia na tarehe. Sadaka ya Misa hupangwa na maaskofu, na ofisi itamwambia kiasi chake. Hiyo si bei. Kanuni ya 947 inakataza hata harufu ya biashara katika sadaka za Misa, na ya 945 inawahimiza mapadri kuwatolea Misa maskini hata wasipoleta kitu. Misa moja inatosha. Akiambiwa na jirani kwamba lazima ziwe 30 mfululizo, zile za Gregori, ajue ni desturi njema ya zamani lakini halazimiki nayo.

Misa hiyo ifanyike Moshi, siku nyingine, na kila ndugu awe huru kwenda au kutokwenda. Isiletwe kwenye ibada ya kaburini. Kaburi ni la Mlutheri, mwenyeji ni mchungaji wake, na padri akiletwa ghafla mtawaweka watumishi wawili wa Mungu kwenye aibu ambayo hawakuiomba. Rozari nayo aisali usiku wa kuamkia ibada, chumbani, pamoja na wale wanaotaka. Na tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Kanisa lake lote linawaombea wafu, kwa hiyo si kweli kwamba Mama hatakuwa ameombewa mpaka Misa hiyo ifike. Zaidi ya hapo, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, Mkatoliki anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu za dhambi zilizobaki, akiungama, akapokea komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Makaburi yoyote yanafaa. Hahitaji kupanda mlima.

Na wewe Mlutheri? Mchungaji wako ni sahihi kuhusu toharani na Misa za wafu, ila "basi" yake imekatika mapema. Mwaka 1528 Luther aliandika kwamba Maandiko hayatuelezi mengi juu ya wafu, hivyo haoni dhambi mtu akisali kwa uhuru kwamba Mungu amrehemu marehemu ikiwa yuko katika hali ya kurehemiwa. Afanye hivyo mara moja au mbili, kisha aache. Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, andiko jingine la imani ya Kilutheri, nao unasema kuwaombea wafu hawakukataza. Walichokataa ni kuitumia Meza ya Bwana kama malipo kwa ajili yao. Hata Waanglikana wa Tanzania wamegawanyika hapo hapo: kule kulikopandwa na wamisionari wa UMCA, kama Zanzibar na Masasi, kuwaombea marehemu ni jambo la kawaida, na kule kulikopandwa na wale wa CMS, kama Dodoma, halijazoeleka. Basi kama moyo wako unataka kumtaja Mama mbele za Mungu, mtaje nyumbani, kwa maneno machache, kisha uache mikononi mwake.

Mdogo wako anadaiwa jambo moja: kuombea marehemu si kuongea na marehemu. Dada yake anamwambia Mungu habari za Mama; hamwiti Mama. Kumbukumbu la Torati 18:10-12 inakataza kutafuta habari kwa wafu, na dada yake hajafanya hivyo. Neno "mizimu" alifute kwenye grupu hilo hilo alilolitumia, kwa sababu kuomba radhi pembeni hakutoshi kwa aliyetukanwa mbele ya shangazi na wajomba.

Lakini kwa upande wa kanga, fundisho lake linaifaa familia nzima. Kumwota marehemu katika miezi ya kwanza ni jambo la kawaida kwa waliofiwa, hasa aliyemuuguza au kumwogesha. Mama mdogo asichekwe. Mwombe mchungaji amtembelee, akae naye, asimulie ndoto yote mpaka mwisho. Mara nyingi ndani yake kuna majuto: pengine wodini kulikuwa na baridi kweli na kanga ikasahauliwa nyumbani. Akishalisema, ndoto nyingi hupungua zenyewe. Ila kanga isipelekwe kaburini, na pombe isimwagwe. Msabato atakwambia Mama hajisikii baridi kwa kuwa amelala. Mlutheri, kwa kuwa yuko na Kristo. Mkatoliki, kwa kuwa roho haivai kanga. Sababu tatu, jibu moja. Mkikubali kanga, mwezi ujao itaotwa mbuzi, na familia itaanza kuwahudumia wafu kwa hofu badala ya kuwatunza walio hai. Kanga zake gawaneni nyinyi wanawake mzivae.

Kwa mtoto wa miaka 7, kubalianeni wakubwa wote juu ya sentensi chache na mzirudie vilevile. "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hausikii maumivu wala baridi, na Bibi hawezi kurudi nyumbani. Mungu hajamsahau, anamtunza. Siku moja Yesu atamfufua, na sisi pia." Hakuna Kanisa kati ya matatu litakalopinga hata neno. Msimwambie "Bibi amelala" bila maelezo, hata mjomba wake anayeamini hivyo: watoto wengi wakisikia hilo huanza kuogopa kitanda, au kuuliza kwa nini Bibi hakuamshwa. "Amesafiri" ni uongo, na atamsubiri stendi. "Mungu alimpenda akamchukua" humfanya mtoto amwogope Mungu anayechukua watu. Akiuliza swali lilelile mara kumi, jibuni mara kumi bila kuongeza hadithi. Kaburini aje, ashike mkono wa mtu mmoja aliyepangiwa, na aruhusiwe kuondoka akichoka.

Sasa ibada. Tarehe iwe siku ya kazi kati ya 27 na 30 Desemba. Jumamosi isiwe. Ijumaa nayo ikwepeni: jua likizama mdogo wako ameingia Sabato na masufuria bado hayajaoshwa. Jumapili wewe na dada yako mna ibada zenu asubuhi, na wachungaji huwa wamechoka. Mweleze mchungaji hali ya familia wiki moja au zaidi kabla, umpe mpangilio kwa maandishi. Mahubiri ya msiba hayaharibiki kwa ubaya; huharibika kwa sababu hakuna aliyemwambia mhubiri nani wako mbele yake.

Mpangilio wa saa 1 na dakika 20 unatosha. Nyumbani: wimbo, sala ya kufungua, Zaburi 90:1-12, wasifu wa Mama usiozidi dakika 7, masomo matatu, mahubiri dakika 15, wimbo wa ufufuo. Masomo yasomwe na watoto wenyewe. Mdogo wako asome 1 Wathesalonike 4:13-18, ambalo linataja waliolala na kufufuliwa, atalisoma kwa moyo wote. Dada yako asome Yohana 11:17-27, Martha na Yesu. Wewe soma 1 Wakorintho 15:51-57. Masomo hayo matatu yakisomwa mfululizo na watoto watatu, mhubiri tayari ameshasaidiwa nusu ya kazi. Kisha mshuke kaburini kwa dakika 20: Kanuni ya Imani ya Mitume, sala, Ufunuo 14:13, baraka. Wasabato hawana desturi ya kukariri kanuni za imani, wanasema Biblia inatosha, basi mdogo wako asimame kimya hapo na asitafsiriwe kwamba amesusa.

Sala ya kaburini ndiyo huleta ugomvi, kwa hiyo iandikwe. Mnaweza kutumia hii: "Bwana, tunakushukuru kwa maisha ya mtumishi wako, mama yetu. Tumemweka mikononi mwako. Tunaingoja siku ile utakapomwita kwa jina lake kutoka kaburini, atoke, nasi tumwone. Tufundishe kuzihesabu siku zetu. Amina." Haisemi kwamba anatuona, haisemi kwamba hajui lolote, na haimkatazi mtu kuendelea kimoyomoyo.

Mtu wa hatari kuliko wote ni mshereheshaji. Mpe karatasi yenye maneno ya kuepuka: anatuona, amekuwa malaika, anatuombea, amelala tu. Kwaya nayo iulizwe mapema inaimba nini. Nyimbo zinazomsemesha marehemu, "Mama kwaheri, utukumbuke huko," ziachwe. Neno la shukrani litoke kwa mtu mmoja kwa niaba ya familia. Kila mtoto akipewa kipaza sauti, mmoja atahubiri, mwingine atajibu.

Chakula kisiwe neno tena. Ng'ombe au mbuzi na kuku. Kitimoto na kambale viachwe kwa ajili ya Wasabato, na pombe pia. Kahawa na chai wengi wao hawanywi, wekeni juisi na maji. Majirani Waislamu, na Upareni wapo wengi, watakula wakijua mchinjaji alikuwa wa kwao.

Kaburi lenyewe: mmefanya vyema kungoja. Udongo uliojazwa shimoni huendelea kushuka, na jeneza la mbao linapooza hushuka tena. Anayejengea baada ya wiki chache huona ufa mwaka uleule. Lenu limeshapitiwa na masika, na kufikia Desemba vuli nayo itakuwa imefanya kazi. Hata hivyo mwambie fundi mkanda wa zege wenye nondo ukae juu ya udongo ambao haukuchimbwa, ukizidi kingo za shimo kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande, ili shimo likishuka zege lisishuke nalo. Zege limwagiliwe maji siku 7. Kwa hiyo kazi ianze kabla tarehe 10 Desemba haijapita.

Maandishi yawe mafupi: jina, alizaliwa, alifariki, na aya moja. "Anatuombea" au "Yuko na malaika" mtakuwa mmelichonga bishano lenu kwenye jiwe. Ufunuo 14:13, "Heri wafu wafao katika Bwana," hakuna kati yenu atakayeikataa, au Yohana 11:25, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Majina na tarehe zilinganishwe na cheti cha kifo na cheti cha ubatizo, kwa sababu wazee wa umri wake mara nyingi huandikwa mwaka mmoja wa kuzaliwa hapa na mwingine pale. Fundi aandike kwanza kwa penseli, mpige picha, muitume kwenye grupu, na wote watatu mjibu "sawa" kabla hajagusa patasi. Herufi moja ikikosewa kwenye marumaru, ni kununua kipande kipya.